Dishi la Mjomba

Watu wakiisifu Dodoma husifu zabibu, au hewa kavu, na siku hizi husifu lami na taa za barabarani. Sijawahi kusikia mtu akiusifu mji huu kwa mahali ulipokaa chini ya setilaiti. Lakini tazama: mji upo kwenye longitudo ya nyuzi 35 na robo tatu mashariki, na juu ya Ikweta, kwenye nyuzi 36 mashariki, ndipo ilipo setilaiti inayoturushia DStv. Yaani ipo utosini. Simama pale Nyerere Square, nyoosha kidole juu moja kwa moja, kisha kishushe kidogo tu kuelekea kaskazini. Umeshailenga. Ya AzamTV ipo nyuzi 7 mashariki, kwa hiyo sisi wa Dodoma tunaitafuta magharibi, ukikunja kidogo kwenda kaskazini, juu kupita nusu ya mbingu.

Haya nilifundishwa na fundi dishi mmoja wa Majengo mwaka 2022, yeye akiwa amekaa juu ya paa la basi, miguu inaning'inia, mimi nipo chini nimeshika rimoti. Basi lenyewe halikuwa na injini. Lilikuwa nyumba ya mjomba wangu.

Namna alivyolipata ni habari ndefu, nitaifupisha. Mjomba aliendesha mabasi ya masafa kwa miaka 27, mara Dar, mara Mwanza, mara Arusha kupitia Kondoa barabara ilipotengenezwa. Kampuni yake ya mwisho, ambayo sitaitaja, ilianza kwa kuchelewesha mishahara, ikaja kupunguza magari, ikafunga kabisa. Walikuwa wanamdai… hapana, yeye ndiye alikuwa anawadai, lakini kwa jinsi walivyokuwa wanamzungusha ungedhani deni ni lake. Miezi 14 ya mshahara, na kiinua mgongo juu yake. Mwisho wakamwambia achague: asubiri hela ambayo hakuna aliyejua itatoka lini, au achukue moja ya mabasi yaliyokuwa yamelala uani, Scania ya zamani, bodi nzima, injini imeshauzwa.

Akachukua basi. Mama yangu, ambaye ni dada yake, aliposikia alikaa chini sebuleni. "Miaka yote hiyo wamempa mdogo wangu gofu la gari," akasema. Mjomba hakuliona gofu. Aliona nyumba ambayo haiwezi kubomolewa.

Hapo lazima nieleze. Mwaka 2009 mjomba alijenga nyumba ya vyumba viwili pembeni ya mji, kwenye kiwanja alichouziwa na mwenyeji kwa karatasi ya mashahidi watatu. Kiwanja hakikuwa kimepimwa. Wengi walijenga hivyo, na wengi yaliwakuta yaliyomkuta. Walikuja watu na rangi nyekundu, wakapiga X ukutani, na baada ya miezi kadhaa likaja tingatinga. Siku hiyo mjomba alikuwa njiani kutoka Mwanza. Alipigiwa simu akiwa Singida, na akaendesha hadi Dodoma na abiria wake wote bila kumwambia kondakta kitu. Alifika stendi, akashusha abiria, akakabidhi gari, ndipo akachukua bodaboda kwenda kuangalia matofali. Mke wake wakati huo walikuwa wameshaachana, wanawe wapo Mwanza, kwa hiyo aliyelia alikuwa mama yangu tena. (Katika ukoo wetu kulia ni kazi ya mama. Ameifanya kwa uaminifu.)

Basi likavutwa mpaka Nala, kilomita kama 15 kutoka mjini ukielekea Singida, kwenye eneo alilopewa na rafiki yake wa siku nyingi, Mgogo mmoja mwenye ng'ombe na mashamba ya mtama. Likaegeshwa chini ya mbuyu. Viti 57 vikafunguliwa, vikauzwa kwa mafundi wa kutengeneza makochi. Vikabaki tisa vya wageni pamoja na kiti cha dereva. Nyuma akaweka kitanda, katikati jiko la gesi, madirisha akayafunga chandarua. Nilipofika mara ya kwanza na kubisha hodi kwenye mlango wa basi, nilijisikia kucheka. Nilipokwisha kuingia sikucheka. Palikuwa safi kuliko kwangu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Panda, gari halijai."

Alitaka televisheni. Siyo kubwa, inchi 24 ya volti 12, ile inayokubali umeme wa betri bila kuhitaji kibadilishio. Umeme wa nguzo ulikuwa haujamfikia, ila alikuwa na paneli ya sola juu ya paa na betri ya N100. Kilichokosekana ni dishi na king'amuzi, na mimi kama mpwa mwenye mshahara nikasema hilo niachie.

Kwa nini televisheni? Nilidhani ni upweke, na nilikuwa tayari nimeshaandika makala nzima kichwani kuhusu mzee mpweke. Yeye akanipa sababu ambayo sikuitegemea. Wote tuliosafiri na mabasi miaka ile tunaikumbuka runinga iliyoning'inia mbele, na sinema za Kanumba zikipigwa kutoka Ubungo hadi Morogoro, zikirudiwa kutoka Morogoro hadi Gairo. Runinga ile inaning'inia nyuma ya kichwa cha dereva. Inawatazama abiria. Mjomba aliendesha chini ya sinema hizo mwaka baada ya mwaka na hakuwahi kuiona hata moja. Alizisikia tu. Anajua nani atamsaliti nani, anajua mahali mama mkwe anapoanza kelele, anajua abiria watacheka wapi. Marehemu Kanumba anamjua kwa sauti, kama unavyomjua mtangazaji wa redio. Sura yake aliiona kwenye magazeti alipofariki, Aprili 2012.

"Nilikuwa nasikia abiria wote wananyamaza kwa pamoja," aliniambia, "na mimi siwezi kugeuka. Hamsini na saba wanaona, mmoja anaendesha."

Kizazi chake, kumbuka, ni cha watu waliokulia bara bila televisheni kabisa. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati bara Mwalimu aliona ni anasa ambayo nchi maskini inaweza kuisubiri. Tukasubiri. ITV ilianza mwaka 1994, mjomba akiwa tayari mtu mzima. Alipoanza kupata hela ya kununua seti akawa hakai nyumbani. Alipokuwa na nyumba, ikabomolewa. Matangazo ya analojia yalizimwa Dar mwisho wa Desemba 2012, Dodoma ikafuata mwanzoni mwa 2013, na yeye hakuwa na habari wala hasara. Ving'amuzi vilimkuta hana hata cha kuving'amulia.

Sasa turudi kwa fundi.

Fundi alifika na pikipiki, dishi la sentimita 80 limefungwa mgongoni kama ngao, akalitazama basi akalizunguka mara mbili. Akasema kwa heshima kabisa: "Mzee wangu, hapa tunachimba shimo, tunasimamisha bomba, tunamwaga zege. Dishi linataka kitu kisichotikisika."

"Zege hapana," mjomba akasema.

"Mzee, bila zege—"

"Ukimwaga zege umejenga. Mimi sijengi."

Fundi alinitazama. Nikatazama mbuyu. Hatukuwa na la kusema, na fundi, ambaye alitaka hela yake na kuondoka kabla jua halijawa kali, akapanda juu ya basi na kuanza kufunga dishi kwenye keria ya mizigo.

Nieleze kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kushika rimoti huku mtu akipiga kelele juu ya bati. Setilaiti hizi zipo kilomita 35,786 juu ya Ikweta. Kwenye urefu huo kitu kinaizunguka dunia kwa muda ule ule dunia inaotumia kujizungusha, kwa hiyo ukiwa chini unaona kimesimama. Wazo la kulitumia hilo kwa matangazo lilielezwa mwaka 1945 na Arthur C. Clarke kwenye jarida la Wireless World. Wapenzi wa riwaya za kisayansi wanamjua kwa mengine. Aliona kwamba vituo vitatu tu vingetosha kuifikia karibu dunia nzima. Ni wazo zuri sana kwa sababu linamruhusu mtu wa chini asifanye chochote: unalenga mara moja, unafunga nati, unakaa. Sharti ni moja tu, na wewe usimame. Dishi la sentimita 80 linavumilia mkengeuko mdogo mno. Likikosea nyuzi mbili, umepoteza picha.

Na basi, hata lisilo na injini, lina springi.

Fundi alihangaika nusu saa. "Imekuja?" "Bado." "Sasa?" "Nguvu ipo, ubora sifuri." Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kwenye kioo kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora, na kwamba wa nguvu ni mwongo. Unaweza kupata nguvu 80 kutoka kwenye setilaiti isiyo yako, au hata kutoka kwenye kelele tupu. Ubora ndio unaosema ukweli. Akalizungusha dishi kwa unywele, akaikunja ile LNB karibu robo mzunguko mzima, maana huku kwetu karibu na Ikweta, setilaiti iliyo mbali magharibi mawimbi yake yanafika yamelala ubavu. "Imekuja!" Ubora 64. Picha ikasimama, msomaji taarifa wa kike, suti ya bluu. Mjomba akapanda ngazi ya mlango ili aje aone.

Picha ikakatika.

Akashuka. Picha ikarudi. Akapanda, ikakatika. Uzito wa mzee mmoja wa kilo sabini ulikuwa unaliinamisha basi kiasi cha kuikosa setilaiti. Fundi alikaa chini juu ya paa akacheka mpaka akashika keria. Nadhani ndiye aliyekuwa fundi wa kwanza Dodoma kuwa na mteja ambaye anaweza kuangalia televisheni kwa sharti asiingie ndani.

Wazo la ringi lilitoka kwa mjomba mwenyewe. Kwenye buti ya basi kulikuwa na ringi ya tairi la akiba. Akailaza chini, akasimamisha bomba katikati, na hapo zege akalikubali: alilimwaga ndani ya ringi. "Hili halijashika ardhi," akasema. Zege lilipokauka baada ya siku tatu, tukawa na nguzo nzito ambayo watu wawili wanaweza kuiviringisha. Baadaye nimeona ringi kama hizo sehemu nyingine, nje ya vibanda na kwenye kambi za mafundi ujenzi kule Mtumba, kwa hiyo sidai mjomba amegundua kitu. Lakini wengine wanafanya hivyo kwa sababu wamepanga. Yeye alikuwa anafanya kwa sababu anamkumbuka mtu mwenye kopo la rangi nyekundu.

Fundi alirudi, akalenga upya, akafundisha. Alimwambia mjomba jambo ambalo mimi nimelitumia tangu hapo kuwachosha watu kwenye misiba na harusi: dishi la namna hii halitazami pale linapoonekana kutazama. Uso wake unaonekana umeelekea chini kuliko setilaiti ilivyo, kwa sababu limekatwa upande, linapokea kutoka juu na kumwaga kwenye LNB iliyo chini. Ukilitazama utadhani linaangalia paa la jirani. Linaangalia mbingu.

Agosti na Septemba zikaenda vizuri. Majirani wakajua. Nala hapo alipo hapana bomba la maji karibu. Maji yanabebwa kwenye madumu ya lita 20 kutoka kisimani, na mjomba ana goti bovu la kukanyagia klachi. Ikawa, bila mtu kutangaza, anayekuja kuangalia mpira anakuja na dumu. Siku ya mechi ya Simba au Yanga unaweza kukuta madumu kumi na mbili yamepangwa kando ya tairi la nyuma. Hela haikuulizwa hata siku moja, na kama mwandishi niliyewahi kuandika habari za vibanda umiza vinavyofungwa kwa kutumia vifurushi vya nyumbani, nilishukuru. Hakuna sheria ninayoijua dhidi ya mgeni kuja na maji.

Ndani, mpangilio ulikuwa wake. Runinga hakuitundika mbele kwenye mabano ya zamani, ambayo bado yapo. Aliitundika nyuma, ukuta wa mwisho, juu ya kitanda. Kisha akafungua kiti cha dereva, akakigeuza, akakifunga tena kikitazama nyuma. Hapo ndipo anapokaa mpaka leo, usukani ukiwa mgongoni kwake, viti tisa vya wageni mbele yake. Wageni nao wanatazama nyuma. Ukiingia katikati ya mechi unaona migongo.

Tulipompatia sinema za zamani alikaa siku nzima. Nilimuuliza inakuwaje kumwona Kanumba baada ya kumsikia miaka yote. Akafikiri. "Nilidhani ni mnene," akasema. Nyingine alizikataa. Kuna moja ambayo kwa kusikia alikuwa anaiona ya maana sana, msichana analia muda mrefu peke yake, na alipoiona akakuta msichana analia huku kamera inaonyesha zaidi kochi na pazia. Akaizima. "Hii niachie ya masikioni."

Novemba ikaja, na Kombe la Dunia la Qatar lilianza tarehe 20. Kwa bahati mbaya ndiyo majira ambayo mibuyu ya Dodoma, baada ya kukaa uchi tangu kiangazi kianze, huchipua. Sikuwahi kuufikiria mbuyu kama mtambo wa kuzuia mawimbi. Tulifunga dishi Agosti, matawi yakiwa mikono mitupu, mawimbi yanapita katikati. Majani yalipotoka ubora ulishuka kutoka 64 hadi 50, hadi 38, na jioni moja ya mechi, watu wameshafika na maji yao, ukawa sifuri.

Nilimpigia fundi nikaweka simu kwenye spika. Akauliza swali moja: "Mzee, hapo kwako kivuli cha mbuyu saa tisa alasiri kinafika wapi?"

"Kinalifunika basi lote. Ndiyo maana nimeliegesha hapa."

"Basi na setilaiti imefunikwa."

Akaeleza kwamba karibu na mwezi Machi na Septemba, mnamo saa tisa alasiri, jua linapita pale pale angani ilipo setilaiti yetu. Ndiyo maana kuna siku chache za miezi hiyo picha inaweza kukatika dakika kadhaa mchana, jua limekaa nyuma yake na kelele zake zinameza kila kitu. Kwa hiyo ukitaka kujua kama setilaiti inakuona, angalia kama jua la saa hiyo linakuchoma. Mjomba alisikiliza kimya. Bati la basi kwenye jua la Dodoma ni oveni, na ule mbuyu ndio uliofanya nyumba ile ikalike.

"Kwa hiyo nichague," akasema. "Kivuli au mpira."

Hakuchagua. Vijana wawili waliiviringisha ringi hatua thelathini kusini, nje ya kivuli, tukaongeza waya, na mzee wa miaka 61 akalenga dishi mwenyewe kwa mara ya kwanza, kwa kutumia kivuli cha bomba na kumbukumbu. Ilimchukua saa moja na nusu. Walikosa kipindi cha kwanza.

Mwaka uliofuata adui alikuwa upepo. Kila aliyekaa Dodoma anaujua upepo wa Juni na Julai, mkavu, wa baridi, unaoingia na vumbi hadi kwenye sukari. Tarehe 3 Juni 2023 Yanga walicheza na USM Alger kule Algiers, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho. Ya kwanza, kwa Mkapa, walikuwa wamefungwa 2-1. Mjomba ni Simba, Simba wa kuzaliwa, na basi lake usiku ule lilijaa watu wa Yanga na madumu yao. Djuma Shabani akafunga penalti mapema, basi likatikisika, na kwa mara ya kwanza nikaona faida ya kutoweka dishi juu ya paa. Lakini nje upepo ulikuwa unasukuma, na picha inavunjika vipande vipande. Kijana mmoja akatoka na koti lake, akalikumbatia bomba, akakaa hapo kipindi chote cha pili akiwa ameipa runinga mgongo, anauliza kwa sauti: "Vipi? Vipi?" Wa ndani wanamjibu. Mjomba alimwangalia dirishani muda mrefu kuliko alivyoangalia mpira.

Yanga walishinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likaenda Algeria kwa bao la ugenini. Yule kijana alikuwa wa mwisho kuelewa. Alisikia kipenga, akajua wameshinda, akaingia anashangilia. Mjomba, Simba wa kuzaliwa, ndiye aliyemweleza, na alimweleza taratibu sana. Halafu akampa chai.

Mwaka jana mtu wa rangi nyekundu alirudi.

Sitasema ni wa ofisi gani. Eneo linapimwa, mji unatanuka, barabara zinapita, na mimi kama mwandishi nimeandika habari nyingi za aina hiyo na najua kila upande unasema nini. Walipiga X kwenye mti wa mwarobaini. Wakapiga X kwenye choo cha mjomba. Walipofika kwenye basi wakasimama. Mmoja akaona haya kidogo, nadhani, akauliza: "Mzee, hili linatembea?"

"Lina magurudumu sita."

Wakaandika. Mthamini alipokuja baada ya wiki mbili akatueleza vizuri, bila jeuri. Fidia hulipwa kwa kilichojengwa na kilichopandwa. Choo kimejengwa. Mwarobaini umepandwa. Basi ni gari, gari linahamishwa na mwenyewe. Mama yangu, aliyekuwepo siku hiyo, alimwonyesha dishi. Mthamini akainama, akaigusa ringi kwa kiatu, ikatikisika. "Mama, hii nayo ni ya kuhamishika."

Niliona uso wa mjomba. Miaka yote aliijenga hoja kwamba hajajenga, na sasa serikali imekubaliana naye. Mama alitaka tukate rufaa. Alisema mtu anayelala, anayepika na anayeugulia mahali pana kitanda, hapo ni nyumbani, na kama karatasi zao hazina safu ya hilo waiongeze. Nilimwona ana haki, na bado namwona ana haki. Mjomba akasema, "Dada, wakinilipa watalibomoa."

Tukahamisha. Usidhani ni kitu rahisi kuhamisha gari zito lililokaa miaka mitatu. Breki zake ni za upepo, na gari likikosa upepo breki zinajifunga zenyewe kwa springi. Hilo ni jambo jema mlimani na ni balaa Nala. Fundi magari alilala chini ya kila chemba ya nyuma akifungua kwa bolti. Tairi mbili zilipatikana za kuazima. Trekta likaja kutoka kwa yule rafiki wa ng'ombe, ambaye alikuwa amempa sehemu nyingine, nusu kilomita ndani, mbali na alama za wapimaji.

Asubuhi hiyo mjomba alifungua kiti chake, akakigeuza tena kitazame mbele. Usukani bila injini ni mzito kama kuchimba. Alivaa shati la kazi, lile la mikono mifupi lenye nembo iliyobanduliwa. Mimi na mama tulikaa viti vya wageni, tukitazama nyuma, kwa sababu hivyo havikugeuzwa, tukiushika kila mmoja upande wa runinga iliyofungwa kwenye blanketi. Nusu kilomita ilichukua dakika arobaini. Kwenye kidimbwi kikavu basi liliinama, sufuria zikaanguka zote, na mama akaanza kulia, na mjomba akapiga kelele bila kugeuka: "Abiria tulieni!"

Ringi ilikuja baadaye, inaviringishwa na vijana wanne, akiwemo yule wa koti.

Mahali papya hapana mbuyu. Amejenga banda la makuti na matete juu ya basi lote kwa ajili ya jua, na amehakikisha upande wa magharibi banda linaishia kabla ya kuikata ile njia ya saa tisa. Kulenga dishi kulimchukua dakika ishirini safari hii. Ubora 71, haujawahi kufika hapo. Madumu yameanza kuja tena, ingawa kisima sasa ni mbali zaidi, na wengine wanakuja na nusu dumu, na mjomba anasema hewala.

Choo kipya kimeshachimbwa. Fidia ya kile cha zamani bado tunaifuatilia.